Pua Inayotoka Damu Kila Oktoba

Swali: "Daktari, naishi Uyole, Mbeya. Mwanangu wa kiume ana miaka 9, yuko darasa la nne. Huu ni mwaka wa pili, ikifika Oktoba anaanza kurudi shule kichwa kinamuuma, macho mekundu, na mara kwa mara pua inatoka damu. Bibi yake anasema ni malaria imepanda kichwani, na tumeshamnywesha dawa mseto mara mbili bila kumpima. Duka la dawa wakasema huenda ni taifodi. Baba yake anasema anakwepa twisheni tu, maana mtihani wa upimaji umekaribia. Shuleni kwao sweta haivuliwi, ni sehemu ya sare. Desemba tunampeleka Kyela kwa babu yake na naogopa joto la kule litamzidi. Nifanye nini? Mama Baraka."

Mama Baraka, ndaga kwa swali. Niache nianze na baba yake ili tummalize mapema: mtoto anaweza kuigiza kichwa kuuma, anaweza hata kuigiza tumbo, lakini damu ya puani haiigizwi. Huyo mtoto haigizi.

Kwa maelezo yako naona vitu vitatu vimemkuta kwa pamoja: hewa kavu, jua kali na maji kidogo. Sijamwona wala kumshika, kwa hiyo humu ndani nitakutajia pia dalili ambazo ukiziona uache kunisoma umpeleke kituoni. Lakini hicho unachokieleza, kinachokuja mwezi ule ule mwaka baada ya mwaka na kuondoka mvua zikikolea, kina sura ya majira kuliko sura ya ugonjwa.

Sisi watu wa nyanda za juu tumelelewa kuogopa baridi. Mtoto akikohoa ni baridi, akiumwa tumbo ni baridi, akichelewa kuamka ni baridi. Juni na Julai tuna haki ya kusema hivyo. Shida ni kwamba hofu hiyo tunaibeba mpaka Oktoba na Novemba, miezi ambayo kinachomuumiza mtoto ni kinyume chake, na tunaendelea kumvalisha sweta.

Angalia kinachotokea. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Kila mwaka, katikati ya Oktoba, jua likielekea kusini hupita wima juu ya vichwa vyetu. Simama nje saa sita na nusu mchana siku hizo, utakuta kivuli chako kimejikusanya chini ya miguu. Litapita wima tena mwishoni mwa Februari, ila wakati huo kuna mawingu ya mvua. Oktoba mbingu iko wazi. Ongeza mwinuko: Uyole iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000 miale ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa takribani asilimia 10. Ndiyo maana mtu wa Mbeya anaweza kuungua uso siku ambayo upepo unampuliza vizuri na yeye mwenyewe anaona hali ya hewa ni nzuri.

Kipimajoto kinazidi kutudanganya. Mchana wa Oktoba mjini Mbeya ni nyuzi 27 hivi, kiwango ambacho mtu wa Dar es Salaam angekiita siku ya ubaridi. Lakini Dar kuna unyevu, jasho linabaki mwilini, mtoto anajiona ameloa na anadai maji. Kwetu hewa ni kavu, jasho linakauka kabla halijaonekana. Mtoto anapoteza maji kutwa nzima na shati halilowi. Hasikii kiu mpaka amechelewa, na akisikia, bomba la shule limekauka tangu Agosti.

Kuhusu pua. Sehemu ya mbele ndani ya pua, kwenye ule ukuta unaotenganisha matundu mawili, ina mishipa mingi midogo iliyofunikwa na ngozi laini sana. Hewa kavu na vumbi vikiikausha, inajenga gamba. Mtoto analichokonoa, gamba linabanduka, damu inatoka. Damu nyingi ya puani kwa watoto inatoka hapo, na inazuilika kwa mkono bila dawa.

Mkalishe akiwa wima, kichwa kiinamie mbele kidogo. Bana ile sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, kwa dole gumba na kidole cha shahada, matundu yote mawili. Abaki anapumua kwa mdomo na kutema damu inayoshuka kooni. Shikilia dakika 10 kamili kwa saa, bila kuachia ili kuchungulia kama imekoma. Hapo ndipo wengi tunapokosea: tunabana nusu dakika, tunaachia, tunaona bado, tunabana tena, na damu haipati nafasi ya kuganda. Ikiwa bado inatoka, rudia dakika 10 nyingine. Ule mtindo wa kumlaza chali au kumwinulia kichwa na kumwagia maji utosini uacheni. Damu inashuka tumboni, mtoto anaitapika, na nyumba nzima inaingia taharuki kwa kudhani anavuja damu ndani.

Ikipita nusu saa haijakoma, nenda kituoni. Nenda pia kama damu inatoka na kwenye fizi, kama ana madoa au michubuko mwilini ambayo haina sababu, kama amekuwa mweupe viganjani, au kama inatoka tundu lile lile peke yake kwa wiki kadhaa na tundu hilo linanuka. Hilo la mwisho mara nyingi ni punje ya maharage au kipande cha kifutio alichojiingiza mwenyewe akasahau.

Ili isirudi, mkate kucha. Asubuhi na kabla ya kulala mpake mafuta ya mgando kidogo sana, kwa ncha ya kidole, kwenye mlango wa tundu la pua upande wa ule ukuta wa kati. Usiyasukume ndani.

Kisha nenda kaangalie kwenye kabati lenu la dawa. Kichwa kikimuuma mnampa nini? Kama ni kidonge cha maumivu chenye aspirini ndani yake, umepata sababu nyingine. Aspirini inazuia damu isigande haraka, na kwa mtoto haifai hata bila hiyo habari ya pua. Vidonge vya mchanganyiko vinavyouzwa kimoja kimoja madukani mara nyingi vinakuwa nayo, na bibi anavinunua kwa nia njema kabisa. Mpe parasetamoli pekee. Mtoto wa kilo 25 anatosha na nusu ya kidonge cha miligramu 500, apumzike saa 6 kabla ya kurudia, isizidi mara nne kwa siku. Ukijikuta unampa zaidi ya siku mbili tatu kwa wiki, kichwa hicho kinataka kuchunguzwa.

Maana kichwa nacho kina mambo yake. Sababu ya kwanza ninayoishuku ni maji. Mtoto wa umri wake anahitaji vinywaji vya jumla ya lita moja na nusu hivi kwa siku, na zaidi akicheza mpira juani. Hesabu mwenyewe: asubuhi kikombe kimoja cha chai, mchana hana kitu, jioni maji ya kushushia ugali. Hata lita moja haifiki. Mwulize mkojo wake una rangi gani. Ukiwa wa rangi ya majani makavu uliopauka, sawa. Ukiwa wa njano iliyokolea na unanuka, na anakwenda chooni mara mbili tu kwa siku, umepata jibu. Watoto wengine hawanywi maji kwa makusudi kwa sababu choo cha shule kinawatisha, kichafu au hakina mlango. Wasichana hasa. Muulize bila kumcheka.

Sababu ya pili ni kifungua kinywa. Ukimtoa saa kumi na mbili asubuhi na chai ya rangi, saa tano kichwa kitauma hata Julai. Mpe viazi, magimbi, uji wenye karanga, chochote kinachokaa tumboni. Ya tatu ni macho. Darasa la nne ndipo mtoto anapoanza kunakili mengi kutoka ubaoni, na asiyeona vizuri anakunja uso kutwa nzima. Mwulize kama anasoma ubao akiwa dawati la nyuma. Kama anasita, mpeleke akapimwe macho kabla hujaongeza twisheni.

Sasa malaria na taifodi. Hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe.

Mjini Mbeya kuna malaria kidogo ukilinganisha na Kyela au Usangu, kwa sababu ya baridi ya mwinuko, lakini ipo. Kuipima ni tone moja la damu kutoka kidoleni na majibu yanatoka ndani ya dakika 20 hivi, kwenye zahanati yoyote. Mwongozo wa nchi yetu unataka mgonjwa apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Kumpa mtoto dawa mseto kwa sababu kichwa kinauma, hana hata homa, kuna madhara mawili. La kwanza, mnaridhika kwamba mmetibu, na sababu yenyewe inabaki. La pili, dawa inayotumika ovyo inazoea kukataliwa na vimelea, na kesho tutaihitaji kweli. Ikitokea amepimwa na anayo, dozi ni mara sita ndani ya siku tatu, anywe akiwa amekula chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, na amalize hata akipona siku ya pili.

Na bibi usigombane naye. Yeye alilea watoto enzi ambazo homa ilikuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na huenda aliokoa maisha kwa kufanya hivyo. Mwambie tu: mama, siku hizi wana kipimo, twende wote tukaone. Bibi akishuhudia mwenyewe kipimo kikitoka hasi, kazi imekwisha.

Taifodi hupewa watu wengi wasioumwa. Kile kipimo cha damu kinachofanywa kwenye maabara nyingi za mitaani, kinachoandikwa Widal kwenye karatasi, kinaweza kuonyesha chanya kwa mtu ambaye aliwahi kuugua zamani au alipata maambukizi mengine kabisa. Taifodi ya kweli ni homa inayopanda siku baada ya siku, mtoto amelegea, hali, tumbo linasumbua. Mtoto anayeumwa kichwa saa nane mchana na saa moja usiku anarukaruka na wenzake hana taifodi. Usikubali kuuziwa antibiotiki ya siku 10 kwa hilo.

Niende shuleni, maana nusu ya tiba iko huko.

Sweta. Asubuhi saa moja, mstarini, nyuzi zinaweza kuwa 13 au 14, sweta ni halali yake. Saa tano mchana ile ile sweta ya uzi mzito, rangi ya bluu iliyokolea, ndani ya darasa la bati lisilo na dari lenye watoto 80, inamchemsha. Naelewa shule inataka nidhamu na sare. Ila sare ni sare hata ikikunjwa ndani ya begi. Usiende kumvamia mwalimu mkuu peke yako. Peleka hoja kwenye kamati ya shule au kikao cha wazazi, mkiwa wazazi wanne watano, mkapendekeze kitu kimoja chepesi: kuanzia Septemba mpaka mvua zikolee, sweta zivuliwe saa nne wakati wa mapumziko. Haligharimu senti. Walimu wengi nao wanateseka na joto hilo hilo, watakubali haraka kuliko unavyodhani.

Kofia ni ombi la pili. Shule nyingi hazizipendi kwa sababu watoto wanazichezea. Kwa michezo na kazi za nje ziruhusiwe, zenye ukingo mpana, kofia ya kepu inaacha masikio na shingo wazi. Na kama darasani kwa mwanao kuna mtoto mwenye ualbino, hilo la kofia linaacha kuwa ombi. Mtoto huyo anahitaji kofia, mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, kukaa mbali na dirisha lenye jua na karibu na ubao kwa ajili ya macho yake, na mafuta ya kuzuia jua kila siku. Hospitali ya KCMC kule Moshi wanatengeneza mafuta hayo kwa ajili ya watu wenye ualbino. Wazazi wake waulize hospitali ya wilaya au chama chao namna ya kuyapata. Kumsimamisha mtoto kama huyo mstarini jua la saa sita ni kumpandia saratani ya ngozi ambayo itamwota akiwa kijana. Na nikiwa hapo hapo, adhabu ya kupiga magoti juani mwezi wa kumi isifanyiwe mtoto yeyote. Mwalimu mwenye hasira apate adhabu ya kivulini.

Kipimo rahisi cha kumfundisha Baraka: kivuli chake kikiwa kifupi kuliko yeye mwenyewe, jua ni kali, acheze chini ya mti au ukutani. Kikiwa kirefu kuliko yeye, akimbie atakavyo. Mtoto wa darasa la nne analipenda jambo la namna hiyo, atawapimia na wenzake.

Vumbi. Kufagia uwanja wa shule asubuhi ni desturi yetu na sitaki ife, ila kufagia udongo mkavu wa Oktoba kwa fagio la chelewa ni kuwapulizia watoto vumbi mapafuni na machoni. Macho mekundu ya mwanao yanaweza kuanzia hapo. Nyunyizeni maji kwanza. Kama maji ni ya shida, waokote takataka kwa mikono na kufagia kusubiri mvua. Ongeza moshi wa moto unaochomwa milimani na mashambani miezi hii, unaokaa bondeni asubuhi mpaka jua lipande. Macho yakiwa mekundu tu kwa vumbi, maji safi yanatosha. Yakiwa na tongotongo zito na kope zinagandana asubuhi, akapimwe, awe na taulo lake peke yake, na asipakwe chai wala maziwa ya mama.

Mtoto mwenye pumu aondolewe kabisa kwenye zamu ya kufagia. Dawa yake ya kupuliza ikae shuleni kwa mwalimu wa afya, si nyumbani kabatini. Watoto wengi wanaipuliza ikaishia ulimini. Chukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, iliyo safi na kavu, kata kitako chake tundu linaloshika mdomo wa kile kifaa kwa kukaza, ziba pembeni kwa plasta. Mtoto anaweka mdomo wa chupa kinywani, unapuliza mara moja, anavuta pumzi tano sita taratibu, kisha ndipo mpulizo wa pili. Dawa inafika mapafuni. Kazi hiyo mwalimu anaweza kuifanya kwa dakika 5.

Wenye seli mundu pia. Kupungukiwa maji kunaweza kuwaanzishia maumivu makali ya mifupa. Hao waruhusiwe kuwa na chupa ya maji juu ya dawati na kutoka kwenda chooni bila kuomba mara mbili.

Na mwalimu ajue dalili za mtoto aliyezidiwa na joto. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza: mpeleke kivulini, legeza nguo, mpe maji kidogo kidogo yenye chumvi na sukari. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vijiko vya kusawazishwa. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, kuyumba kama mlevi, kuzirai au kutetemeka kwa degedege, huo ni wakati wa kukimbia hospitali. Mvueni nguo, mwageni maji mwilini, mpepeeni huku gari au bajaji ikitafutwa. Asinyweshwe kitu akiwa hajitambui, na parasetamoli haisaidii kwenye joto la aina hiyo. Mbeya mjini hali hiyo ni nadra. Chini Rujewa, Ubaruku, au upande wa Iringa kule Pawaga na Mtera, si nadra hata kidogo, na mashindano ya mbio saa saba mchana yanaendelea kupangwa.

Maji ya kunywa mpe ya kutoka nyumbani, chupa mbili za nusu lita. Moja aimalize kabla ya mapumziko ya saa nne, nyingine kabla ya kengele ya kurudi. Yachemshwe. Kwa mwinuko wetu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, lakini usihofu, vijidudu vinakufa. Ukiyaona yanatibuka sawasawa acha dakika moja, inatosha. Ndugu zetu wa Makete na Kitulo walio juu ya mita 2,000 wayaache dakika tatu. Kama kuni na mkaa vimepanda bei, dawa ya klorini ya dukani inafanya kazi ile ile, fuata maelekezo ya kwenye chupa na usubiri nusu saa.

Zile barafu za kunyonya zinazouzwa getini ndizo zinazonikosesha raha. Mtoto amekauka koo, ana shilingi mia, barafu iko pale. Rangi, sukari, na maji ambayo hujui yalikochotwa, na kugandisha hakuui vijidudu vya kuhara. Simkatazi mama anayeuza, anasomesha watoto kwa hizo. Shule imkubalishe kuchemsha maji kama sharti la kuuza getini, wengi watafuata. Au mpe mwanao hela anunue chungwa, ndizi, au parachichi lenye ganda lake.

Kama shule inadai kila mtoto aje na kidumu cha maji, kiangalie kidumu hicho. Kilichowahi kubeba dawa ya kuulia magugu au wadudu hakifai hata kwa kumwagilia bustani, mtoto atainama anywe. Kisizidi lita 3 kwa mtoto wa kilo 25.

Njiani, hapo Uyole kwenu, hofu yangu kubwa ni barabara kuliko jua. Malori ya Tunduma na magari ya Tukuyu yanakutana njia panda, na mtoto aliyechoka na twisheni ya saa kumi hasikii honi. Avuke na wakubwa, avuke panapovukwa. Kisha kuanzia Novemba radi zinaanza, nyingi alasiri, saa zile zile za kurudi nyumbani. Afundishwe kwamba akisikia ngurumo tu, hata kama mvua haijafika, aingie kwenye jengo. Chini ya mti hapana, kwenye goli la chuma la uwanjani hapana. Asitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Akiloa na kuchelewa msimpige.

Nimebakiza Kyela, na hapa nitakushangaza. Hofu yako umeielekeza pasipo. Joto la Kyela ni kubwa, nyuzi 30 na zaidi, lakini kule ni chini, kama mita 500 tu, na hewa ya ziwa ina unyevu. Pua yake itapoa ndani ya wiki. Atatoka jasho, atadai maji mwenyewe, na maembe yatakuwa yameiva. Joto analimudu.

Asichokimudu ni mbu. Baraka amekulia Uyole, mwili wake haujakutana na malaria kama binamu zake waliozaliwa Kyela, ambao wameshajenga kinga kiasi. Kitu kitakachompa binamu homa ya siku mbili, yeye kinaweza kumlaza na degedege. Basi aende na chandarua chake chenye dawa ndani ya begi, usitegemee kwamba kwa babu kipo cha ziada wajukuu wakiwa kumi. Alale ndani yake tangu usiku wa kwanza. Jioni avae nguo ndefu. Homa yoyote kule, siku ile ile akapimwe, wasisubiri kesho.

Ziwani aende na mtu mzima anayejua kuogelea, na mtu mzima huyo awe majini au ukingoni akimtazama, asiwe amekaa kivulini na simu. Mtoto anayezama hapigi kelele, anazama kimya na haraka. Waogelee panapooga wenyeji, pwani ya mchanga, mbali na midomo ya mito kwa sababu ya mamba na mkondo. Kwenye matete na maji yaliyotuama, na kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga, kuna konokono wa kichocho. Akirudi na miezi miwili mitatu baadaye akakojoa damu au mwisho wa mkojo ukamchoma, akapimwe mkojo, dawa ipo na inatolewa kwa kufuata uzito au urefu wake.

Mwisho, andika kwenye kalenda ya ukutani tarehe aliyorudi Uyole. Malaria ya Kyela huchukua siku 7 mpaka 14, wakati mwingine zaidi, kujitokeza tangu mbu amuume. Maana yake anaweza kuondoka kule mzima, akaanza muhula wa Januari mzima, na homa ikamshika wiki ya pili ya shule. Zahanati ya hapo wataona mtoto wa Uyole, mvua inanyesha, ana mafua, wanaweza kufikiria baridi. Ukifika dirishani, kabla hata hujasema jina lake, waambie alikuwa Kyela na alirudi lini.